Mkono wa Kupeleka Monte Santo

Feira de Santana, 14 Machi 2022

Mama, naomba baraka yako.

Dada Lindaura, kabla hujaanza kumsomea Mama, cheka kwanza umalize. Najua mwandiko huu unafanana na nyayo za kuku kwenye tope. Ni mkono wa kushoto. Hakuna aliyeniandikia. Miaka kumi na tano nimekuwa nikitia dole gumba kila mahali, na hata jina langu ulikuwa ukiniandikia wewe. Sasa soma mwenyewe uone mdogo wako amefika wapi. Ukurasa huu umenilia jioni mbili, ulimi nje.

Mama, kazi nimeanza. Ni ghala la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati, na mimi nakaa langoni na mwenzangu anaitwa Gildásio. Gari likiingia naandika namba yake, jina la dereva na mzigo aliobeba. Likitoka naandika tena. Siku ya kwanza madereva walinipigia honi mpaka masikio yakaniuma, maana naandika polepole. Mmoja akaniuliza, "Kaka, unaandika au unachora?" Nikamwambia nachora, na wewe nimekuchora vibaya. Wakacheka wote, na tangu siku hiyo wananisubiri.

Sasa lile linalokukosesha usingizi. Mama, hawajanifuta. Yule dada wa ustawi wa jamii alinieleza mara mbili, na mara ya pili nilimfanya aapie mama yake. Posho yangu ya ulemavu imesimamishwa tu. Ghala linanilipa mshahara wa nusu siku, na serikali inanipa nyongeza, nusu ya ile posho. Kazi ikiisha, nakwenda kuomba na posho inarudi vilevile. Hicho kitabu cha kazi, kinachoionyesha serikali kwamba mtu ameajiriwa, unachokiogopa kama nyoka kimetiwa sahihi na sijafa. Siku hizi hata si kitabu, kiko ndani ya simu.

Najua Dada amekwishapiga hesabu. Ndiyo, nusu na nusu ni kitu kilekile, kimezidi nauli tu. Lakini Mama, saa saba mchana natoka pale langoni nimechoka. Tangu mashine ya mkonge inichukue mkono hujawahi kuniona nimechoka, umeniona nimelala tu. Sijui nikwambieje, kuchoka ni kutamu.

Simu yangu ninayo, ila huko kwetu mpaka mtu apande juu ya tangi la maji ndipo apate mtandao, na Mama hapandi tangi. Kwa hiyo nitaandika. Barua nitampa Bwana Anísio wa basi dogo, yuko hapa sokoni kila Jumatatu.

Mwanao,
Deusimar


Barreiro Novo, 28 Machi 2022

Dé,

Mama anasema Mungu akubariki. Ameniamuru nianze na hilo kabla ya matusi yangu.

Barua yako aliileta Bwana Anísio pamoja na chumvi ya mbuzi. Nikaifungua palepale mlangoni nimsomee, Mama akasema, "Lete." Akaisogeza puani kabisa, akapitisha kidole mstari kwa mstari, yeye asiyejua hata herufi moja. "Kweli huu ni mkono wake?" Nikamwambia, Mama, hakuna karani wa kulipwa duniani anayeandika vibaya hivi. Akakaa nayo mpaka kahawa ikapoa, ndipo akanirudishia nimsomee.

Baada ya hapo ugomvi. "Wamemfuta." Nikamsomea tena pale pa kusimamishwa. "Kusimamishwa ni kufutwa kwa adabu." Unamjua mama yako.

Na mimi nina langu. Yaani unaamka alfajiri, unabanwa kwenye basi, unapigiwa honi na watu usiowajua, ili upate kilekile ulichokuwa ukikipata umelala kwenye kitanda cha bembea? Wewe una akili za peke yako. Nilimwambia Mama hivyohivyo, akanikata jicho, nikarudi kusuka zulia langu.

Lakini sikia hili, ni kubwa. Juzi alipiga magoti, akauvuta ule mkono wa mti chini ya kitanda. Ule aliouchonga fundi Elpídio wiki uliyotoka hospitali. Umejaa vumbi na vinyesi vya panya. Akaufuta, akaupaka mafuta, akauweka juani kama mtoto aliyeogeshwa. Nadhiri yake unaijua: Msalaba Mtakatifu ukimrudishia mwanangu mkono, nitaupandisha huu kwa miguu yangu mpaka juu ya mlima wa Monte Santo. Na sisi sote tulikubaliana kwamba, kwa kuwa mkono wa nyama hauoti, maana yake ni siku utakayofanya kazi tena. Basi siku imefika. Anataka kupanda sikukuu ya Watakatifu Wote, mwezi wa kumi na moja.

Daktari wa zahanati anasema moyo wake umevimba, hata uwanja asifagie. Mwambie hilo mama yako uone. Kufa haogopi, alishanionyesha gauni la kuzikiwa. Anachoogopa ni kufa na nadhiri mkononi. Anasema atafika kule mlangoni mwa mbinguni aulizwe, "Otília, ulituahidi nini?", akose jibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usilifanyie mchezo hilo lango. Likishikilia, Mama atakufa kwa amani.

Dada yako,
Lindaura


Feira de Santana, 9 Mei 2022

Mama, naomba baraka yako.

Dada, umeona mwandiko? Sema ukweli. Sasa kuku ametoka kwenye tope, anatembea sakafuni.

Jana meneja alipita langoni, akachukua daftari, akafunua, akasema, "Nani anaandika hivi safi?" Gildásio akanionyesha kwa kidevu. Meneja akanitazama mkono, si ule usiokuwepo, huu uliopo! Mama, watu wote duniani wakikutana nami hutazama pale penye mkono wa shati uliokunjwa. Huyu alitazama upande wa pili. Nilirudi nyumbani nikiimba ndani ya basi, watu wakadhani nimelewa.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mwezi ujao, nakuja. Dada, usile mahindi yote. Na ile pombe ya matunda uliyoificha nyuma ya pipa la unga, najua iko wapi, niachie.

Mama, mpango wako wa Watakatifu Wote nimeusikia. Ila panda polepole, upumzike kwenye kila kikanisa njiani. Nitaomba ruhusa niwe nyuma yako.

Mwanao,
Deusimar


Barreiro Novo, 27 Juni 2022

Dé,

Mama anasema Mungu akubariki. Mimi sisemi kitu.

Sawa, nitasema. Moto uliwashwa uwanjani, majirani wote walikuja, mahindi yamechomwa, na mama yako kila likipita gari anasimama. Kila gari! Mara pikipiki ya muuza gesi, mama yako kasimama. Mimi nikajifanya nakoroga sufuria ili nisimtazame. Saa nne akasema, "Pengine hawakumpa ruhusa, mtu wa kazi si mtu wake mwenyewe," akaingia kulala. Sahani yako aliifunika kwa kitambaa na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka kesho yake, nikawapa kuku.

Nilipanda tangi nikakupigia. Mara mbili simu imezimwa. Mara ya tatu akapokea mtu mwenye sauti nene, akasema namba hii ni yake. Nilidhani nimekosea.

Miguu ya Mama imevimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Andika, bwana.

Lindaura


Feira de Santana, 18 Julai 2022

Mama, naomba baraka yako.

Nisamehe kwa Mtakatifu Yohane. Kazi zilizidi, ghala lilipokea mabati mengi, nami sikuweza kuacha lango. Simu iliharibika. Niko mzima, nakula vizuri, Gildásio anakusalimu. Hizo pesa kidogo nimempa Bwana Anísio. Kunywa dawa zako zote, si zile tamu tu.

Mwanao,
Deusimar

*

Dada, karatasi hii ya pili si ya kusomwa. Isome peke yako, kule kwa mbuzi.

Kazi haipo. Haipo tangu siku kumi kabla ya Mtakatifu Yohane. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, miezi mitatu. Mwezi wa tano alipita mkaguzi wa kazi kuangalia kama ghala limeajiri walemavu kama sheria inavyotaka. Alituona mimi na dada mmoja kiziwi wa stoo, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Majaribio yalipoisha meneja akatuita wote wawili. "Deusimar, umefanya vizuri sana, hatuna lawama." Yuleyule aliyesifu mwandiko wangu. Nilimuuliza, kama hamna lawama, basi kuna nini? Akatazama pale penye mkono wa shati.

Gildásio alilia kuliko mimi. Mimi sikulia, nilirudi chumbani nikalala siku mbili, na nilipoamka nikaona nimerudi kuwa yule wa kitanda cha bembea. Hapo ndipo nilipoogopa.

Simu nimeiuza. Chumba nimekiacha. Nalala stoo kwa mzee anayekaanga karanga, na mchana namuuzia karanga zake kwenye taa za barabarani. Mkono mmoja unatosha kwa karanga, mfuko naubana kwapani. Hizo pesa nilizotuma zimetoka huko.

Utaniuliza kwa nini siendi kuomba posho irudi. Naweza. Ni kwenda ofisini tu na kusema kazi imeisha. Lakini nyongeza ilikuja kwangu huku, posho inaingia kwenye kadi ya Mama, na Mama huenda mwenyewe mjini kuitoa. Akiiona imerudi, atajua. Akijua, hatapanda mlima. Mkono ule utarudi chini ya kitanda, na safari hii hautatoka tena, maana hali ya moyo wake umeniambia wewe mwenyewe.

Niachie mpaka Watakatifu Wote. Akishashuka nitaomba posho, na nitamwambia mimi mwenyewe.

Choma karatasi hii.

Dé


Barreiro Novo, 15 Agosti 2022

Deusimar,

Mama anasema Mungu akubariki. Hajui anambariki nani.

Wewe unaandika uongo mara moja, unampa Anísio, basi umeuachia. Mimi ndiye ninayeusoma kwa mdomo wangu, na macho yake yako hapa kwenye uso wangu. "Ghala limepokea mabati mengi." Akaniambia nirudie hapo pa mabati! Nikarudia. Akasema, "Mabati ni mazito, asije akabeba." Nilitoka nje nikamtukana mbuzi.

Hivi umefikiri unafanya nini? Hujamdanganya Mama tu. Unataka apande Monte Santo na moyo umevimba, apige magoti, amshukuru Mungu kwa kazi ambayo haipo. Huko si kulipa nadhiri, huko ni kumpa Msalaba pesa bandia. Na atakayeulizwa kule mlangoni ni yeye, si wewe.

Tena wewe unalala kwenye magunia ya karanga, na posho ni haki yako imekaa tu inakungoja! Kwa kiburi gani? Mkono uliuacha kwenye mashine ya watu ukiwa na miaka kumi na tisa, hukuukopa. Nenda kaombe, rudi nyumbani. Usipomwambia, nitamwambia mimi.

Lindaura

Nimekuwekea kuskuzi ya mahindi na nyama ya mbuzi iliyokaushwa. Ule. Nimekasirika lakini ule.


Feira de Santana, 12 Septemba 2022

Dada,

Barua hii ni yako tu. Samahani kwa karatasi, ni zile za kufungia karanga, sina nyingine.

Nyama nimeila, nimelia, nimelala. Umesema kweli tupu na siwezi kukubishia hata neno moja.

Lakini wewe hukuuona ule mkono kama mimi. Wewe ulikuwa unaingia chumbani kwa Mama kuchukua shuka. Mimi nilikuwa nalala palepale sakafuni miezi ile ya kwanza, kichwa changu kiko chini na ule mkono uko usawa wa macho yangu. Kila asubuhi. Umechongwa vizuri, una kucha. Nikawa najiambia, siku moja nitamtolea Mama kitu hiki humu ndani. Sikufanya. Miaka imepita nikiwa naletewa chai. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza, Dada, na imeshika miezi mitatu.

Nimeulizia kazi kwenye kiwanda cha mikate, cha nusu siku pia, wanataka mtu wa kuandika oda za maduka. Niliwaandikia jina langu mbele yao, mwanamke wa pale akasema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Bado hawajanijibu. Wakinichukua kabla ya Watakatifu Wote, basi itakuwa si uongo tena, na hutakuwa umesoma uongo, utakuwa umesoma mapema tu. Niombee hilo.

Usimwambie. Nakupigia magoti.

Karatasi nyingine ni ya Mama, msomee.

Dé


Barreiro Novo, 5 Novemba 2022

Dé,

Mama anasema Mungu akubariki. Na leo anajua anambariki nani. Tulia, kaa mahali, usome.

Tulikwenda. Bwana Anísio alitupeleka mpaka Monte Santo, hakutaka nauli. Tukaanza kupanda jua halijachoma. Mlima umejaa watu, wengine na mawe kichwani, wengine pekupeku, na yule mama yako na kifurushi chake kifuani amekifunga kwa shuka, hataki nikishike. Anapanda hatua chache, anakaa. Midomo imekuwa ya bluu. Kila kikanisa tunakaa, nampa maji, nampepea kwa kofia. Wapandaji wanatupita wakisema, "Nguvu, bibi," naye anawajibu, "Zipo, zimekaa tu."

Katikati ya mlima nilishindwa. Nilimwona anavyohema, nikafikiri, anakufa hapa kwa ajili ya kazi ambayo haipo, na mimi ndiye niliyemsomea. Nikamwambia. Yote. Mkaguzi, meneja, karanga, stoo. Nililia mbele za watu kama mjinga.

Unajua alifanya nini? Alicheka! Akakohoa, akacheka tena. "Lindaura, mwanangu, tangu mwezi wa saba barua zake zinanuka karanga. Saruji gani inanuka karanga? Nilikuwa nangoja nione mtaendelea mpaka lini." Nikamuuliza mbona hukusema. "Ulikuwa unasoma vizuri, sikutaka kukukatiza."

Nikasema basi Mama, kama unajua, turudi. Hakuna nadhiri ya kulipa. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivunja sahani. "Nani kakuambia nimekuja kwa sababu ya lango? Kazi wamempa watu, watu wameichukua. Mimi niliomba mkono."

Akafungua shuka. Dé, haukuwa ule mkono. Ulikuwa mpya, mti bado mweupe, unanuka maranda. Alikwenda peke yake kwa fundi Elpídio mwezi wa tisa, siku aliyoniambia anakwenda kununua sabuni, na ile miguu yake iliyovimba. Nikautazama, nikasema, "Mama, fundi amekosea, amechonga wa kushoto."

"Hakukosea. Fundi mwenyewe alinibishia, eti watu huleta kiungo kilichopotea. Mwanangu alikuwa na mkono huu miaka yote, akiutumia kushikia kikombe. Aliuua siku ileile ulipokatika wa kulia. Sasa kila mwezi naletewa makaratasi ya kazi yake. Huu ndio uliorudishwa. Wewe unaisikiliza ile barua, mimi naiona."

Tulifika juu. Nilimkokota kwenye hatua za mwisho, sikuficha, na yeye hakukataa. Akauweka mwenyewe kwenye chumba cha miujiza, wanapoacha viungo vya mti vya nadhiri, kati ya vichwa na miguu ya kuchonga ya watu wengine, ukutani upande wa dirisha. Akausogeza mara mbili usianguke. Akasema, "Haya. Tumelipana." Akashuka akiwa mwepesi, na njia nzima kwenye gari alilala begani kwangu.

Sasa maagizo yake, nakuandikia kama alivyosema. Kwanza, ukishasoma hii, kesho yake uende ukaombe posho yako, na atakayekutazama vibaya ofisini mtazame vibaya zaidi. Pili, stoo ya karanga ina panya, hama. Tatu, uje. Anasema barua zako ameziona nyingi lakini hajawahi kukuona ukiandika. Anataka ukae mezani hapa, achukue kiti akae mbele yako, atazame jinsi mkono unavyokwenda.

Ule wa kulia nimemuuliza tuuchome. Amesema hapana, uko palepale chini ya kitanda.

Njoo upesi. Hilo la upesi ni langu mimi, si lake.

Dada yako,
Lindaura


Feira de Santana, 20 Novemba 2022

Mama, naomba baraka yako.

Dada, leo ni karatasi moja tu. Soma yote, kwa sauti, usiruke kitu.

Mama, ni kweli, nilikudanganya. Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nafikiri unangoja nikuletee kazi, na kumbe ulikuwa unangoja barua. Nimeisoma barua ya Dada mara nyingi mpaka imekatika kwenye mikunjo. Nauza karanga huku nacheka peke yangu, wenye magari wanapandisha vioo.

Nimefanya ulivyoagiza. Jumatano mvua ilinyesha mchana kutwa, na mvua ikinyesha hakuna anayenunua karanga, nikasema leo ndiyo siku. Nikaenda ofisini nikaomba posho irudi. Mwanamke wa dirishani akanisukumia kile kidude cha wino, nitie dole gumba. Nikamwambia, dada, mimi naandika. Nikaandika jina lote, Deusimar Otília dos Reis, na lako nikalichomeka katikati ingawa kwenye kitambulisho halimo. Akaniambia nirudie bila Otília. Nikarudia, lakini karatasi ya kwanza nimeichukua, nitakuletea.

Kiwanda cha mikate wameniita. Naanza mwezi wa kumi na mbili, nusu siku, na nyongeza kama ile ya kwanza. Nimewauliza kuhusu majaribio. Ni miezi mitatu tena. Inaweza kuisha kama ile. Safari hii ikiisha nitakuandikia siku hiyohiyo.

Jumamosi nakuja na Bwana Anísio. Nimenunua kalamu mpya. Andaa kiti chako. Nitaandika chochote utakachoniambia, hata majina ya mbuzi.

Mwanao,
Deusimar


Barreiro Novo, 22 Novemba 2022

Dé, mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Bwana Anísio mkononi, na nimemwomba akae nawe mpaka uimalize. Usimkasirikie. Jana ulimpa barua yako sokoni ukicheka, ukamwambia Jumamosi aweke nafasi ya mkate wa kiwandani wa Mama kwenye gari. Alitaka kukwambia. Alikutazama akashindwa. Amelia hapa mlangoni kwangu kama mtoto.

Mama ametuacha. Jumatatu iliyopita, tarehe kumi na nne, jioni, amekaa kwenye kiti chake akichambua maharage. Nilikuwa jikoni nikasikia bakuli limeanguka. Nilipofika alikuwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta maharage yaliyomwagika. Hakuugua, hakuita. Tulimzika kesho yake na lile gauni lake. Ilikuwa sikukuu ya taifa, magari hayakutembea. Nilipanda tangi nikapiga ile namba yako, nikijua si yako tena, nikapiga tu. Yule mwenye sauti nene akapokea. Nikamwambia mama amekufa. Akasema pole sana, dada. Jumatano Bwana Anísio alikuja Feira kwa ajili yako tu, akazunguka taa zote za barabarani kwenye mvua, hakukuta muuza karanga hata mmoja. Sasa najua ulikuwa wapi. Ulikuwa unaandika jina lake.

Nimekasirika na mvua, na simu, na sikukuu, na meneja wa mabati. Na wewe nimekukasirikia kidogo. Itapita.

Barua yako nimemsomea. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake, nikasoma yote kwa sauti, sikuruka kitu, kama ulivyosema. Nilipofika pale pa Otília katikati ya jina nilisimama, maana hapo angesema, "Rudia." Nikarudia.

Barua zako zote ziko chini ya mto wake. Zilizonuka saruji na zilizonuka karanga, amezipanga, sijui kwa mpango gani. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa juu. Imelainika kama kitambaa.

Panda gari na Bwana Anísio leo. Leta kalamu. Kiti nimekiweka mezani kama alivyotaka, na mimi nitakaa hapo nikutazame, japo najua si kitu kimoja. Halafu urudi Feira uanze kazi yako. Ule mkono wa kulia bado uko chini ya kitanda, nimeufuta vumbi. Kuupeleka au kuuacha ni shauri lako sasa, mimi sitakuuliza.

Kuna jambo moja lililobaki. Barua yako umeianza kwa kuomba baraka, na kila barua iliyotoka hapa mstari wa kwanza ulikuwa wake. Leo nilishika kalamu nikauruka, nikaona haiwezekani uombe usijibiwe. Basi mimi ndiye mkubwa aliyebaki nyumba hii.

Mungu akubariki, Dé.

Dada yako,
Lindaura